Kubeba Ndoo Si Kucheza

Msichana wa miaka 13 anayechota maji mara tatu kwa siku Kilwa Kivinje hana upungufu wa mazoezi. Ana upungufu wa muda wake mwenyewe. Hayo ni mambo mawili tofauti, lakini utafiti mwingi kuhusu watoto, familia na michezo unayatia kwenye kapu moja, na wanaoumia kwa mchanganyiko huo ni wasichana wa pwani yetu.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa angalau dakika 60 kwa siku za shughuli zinazoupasha mwili joto na kupandisha mapigo ya moyo. Sina ugomvi na ushauri huo. Moyo ni moyo, na kisukari hakijali kama unaishi Lindi au London. Ugomvi wangu unaanza dakika zinapohesabiwa. Mwaka 2019 watafiti wa shirika hilo walichapisha, katika mojawapo ya majarida ya Lancet, matokeo ya tafiti zilizowagusa wanafunzi milioni 1.6 wa miaka 11 hadi 17 kutoka nchi 146. Asilimia 81 hawakufikia dakika hizo. Kwa wasichana ilikuwa asilimia 85, kwa wavulana 78. Vyombo vya habari vikaibeba habari hiyo kwa mtindo uleule wa siku zote: kizazi kimelala, simu zimeua michezo.

Ndani yake kulikuwa na jambo dogo ambalo wengi walilipita. Bangladesh na India zilikuwa miongoni mwa nchi zenye vijana wachache zaidi wasiofikia kiwango, na watafiti walipojaribu kueleza kwa nini, walitoa sababu mbili. Kwa wavulana walitaja michezo kama kriketi. Kwa wasichana walitaja kazi za nyumbani. Yaani mvulana amefikia kiwango kwa kucheza, msichana amefikia kiwango kwa kufua na kusugua sufuria, na wote wawili wamehesabiwa kuwa wamefanikiwa. Watafiti hawakulificha jambo hilo. Ni sisi wasomaji tuliolipita bila kushtuka.

Mimi ni mzaliwa wa Kivinje, na miaka kadhaa iliyopita nilipata kibarua cha kuuliza maswali ya dodoso katika utafiti mmoja wa afya ya vijana, kwenye vijiji vya kando ya barabara ya kwenda Lindi. Swali lenyewe lilikuwa la kawaida: katika siku saba zilizopita, ni siku ngapi ulishughulisha mwili kwa jumla ya dakika 60 au zaidi? Binti mmoja alinyamaza, akahesabu vidole, kisha akaniuliza, "Dada, kuchota maji nako kumo?" Mwongozo wangu ulisema kumo, chochote kinachomfanya mtu aheme na atoe jasho. "Na kutwanga?" Kumo. "Na kwenda kuni?" Kumo pia. Akacheka, akasema, "Basi andika zote saba." Nikaandika saba. Mdogo wake wa kiume alikuwa amesimama pembeni akitusikiliza, kakumbatia mpira wa makaratasi uliofungwa kamba. Naye angepata saba. Kwenye jedwali wale wawili ni mapacha.

Hesabu ya jedwali ilikuwa sahihi. Kilichokosewa ni swali. Mchezo ni jambo unalolianza kwa hiari yako, unaloweza kuliacha ukichoka, na ambalo hakuna mtu atakayelala njaa usipolifanya. Johan Huizinga, mwanahistoria wa Uholanzi, alitoa kitabu kizima juu ya mchezo mwaka 1938, na sharti la kwanza aliloliweka ni uhuru: mchezo wa kuamrishwa si mchezo tena. Lakini hatukuhitaji Mholanzi atuambie. Kiswahili chetu kinajua. Mtoto hutumwa dukani, hutumwa kisimani, hutumwa kwa jirani kuazima kinu. Hakuna mtoto anayetumwa kucheza.

Sheria nazo zinajua. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 31, unataja haki ya kupumzika, ya burudani na ya kucheza. Tanzania iliuridhia mwaka 1991, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto nafasi ya kushiriki michezo na burudani. Hakuna mahali palipoandikwa haki ya kutoa jasho. Jasho watoto wetu wanalo tele.

Mtoto wa Afrika Mashariki ana historia ndefu katika sayansi ya michezo, na mara nyingi ameingia humo kama jozi ya miguu. Wanariadha wa Kenya na Ethiopia wameulizwa na watafiti walikuwa wakienda umbali gani shuleni utotoni, na kama walitembea au walikimbia. Wahadzabe wa Bonde la Ziwa Eyasi wamevalishwa vipimo vya mapigo ya moyo, na mwaka 2017 dunia ikatangaziwa kwamba hushughulisha mwili kwa zaidi ya saa mbili kwa siku. Wapo waliokwenda mbali zaidi ya kuhesabu. Vincent Onywera wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, pamoja na wenzake wa Kanada, aliwalinganisha watoto wa mjini na wa vijijini nchini Kenya, akaonya kwamba wa mjini wanaanza kukaa kitako kama watoto wa nchi tajiri. Baadaye aliongoza kadi ya taifa inayoipa Kenya alama katika mambo kadhaa: michezo ya watoto, shule, familia, mazingira. Ni kazi ninayoiheshimu, kwa sababu angalau mchezo umepewa safu yake.

Hofu yangu ni msomaji wa matokeo, yule aliyekaa ofisini anayegawa bajeti. Akisoma kwamba mtoto wa kijijini anatembea kilomita nyingi na hana kitambi, anafunga faili. Kilwa? Kilwa wako vizuri, peleka pesa mjini. Hivyo ndivyo umaskini unavyosomeka kama afya. Kisima kilicho mbali kinageuka kuwa uwanja wa mazoezi, na binti aliyebeba lita ishirini kichwani anageuka kuwa mfano wa kuigwa.

Upande mwingine wako wasomi wa mapumziko ya familia, wengi wao wa Amerika Kaskazini. Mwaka 2001 Ramon Zabriskie na Bryan McCormick walisema familia inahitaji burudani za aina mbili: zile za kila siku, rahisi, za karibu na nyumbani, na zile za nadra, kama safari, zinazoifikisha familia mahali papya. Mwaka huohuo Susan Shaw na Don Dawson waliandika kwamba wazazi hawaburudiki tu na watoto wao. Wanapanga burudani hiyo kwa makusudi, ili familia ishikamane na watoto wajifunze tabia njema na afya. Shaw alikuwa pia kati ya walioonyesha kwamba burudani ya familia, kwa mama, mara nyingi ni kazi nyingine.

Hilo la mwisho lingeweza kuandikwa Kilwa Masoko. Nenda ufukwe wa Jimbizi jioni ya sikukuu ya Idd. Baba kakunja suruali, yumo majini na wavulana. Watoto wadogo wa kike wanachimba mchanga. Mama kaketi juu ya mkeka, analinda viatu, simu, chupa ya chai na mtoto anayenyonya. Binti mkubwa kaketi naye, anamenya machungwa. Ukiwauliza, wote watasema walikwenda kupunga upepo, na dodoso litaandika kwamba familia ya watu saba ilipata burudani ya pamoja. Ni kweli walikuwa pamoja. Walioburudika si wote saba.

Sisemi kwamba pwani yetu haina michezo ya wasichana. Inayo, na ni michezo ya nguvu. Aliyewahi kuwekwa katikati kwenye rede, akikwepa mpira unaorushwa kutoka pande mbili, anajua mapigo ya moyo ni nini bila kuvalishwa kipimo. Kuna nage, ambapo unajaza mchanga kwenye chupa huku unapigwa mipira. Kuna kuruka kamba, kuna kombolela usiku wa mbalamwezi, kuna mdako kwa waliochoka kukimbia. Msichana wa miaka 9 Kivinje anacheza kuliko mtoto wa geti wa Mikocheni anayepelekwa na gari kwenye darasa la kuogelea kila Jumamosi.

Kisha anavunja ungo. Hakuna anayesoma tangazo, lakini ndani ya miezi michache mchezo unaisha. "Wewe sasa mkubwa." Kaka yake akitoka jandoni anarudi ufukweni na heshima zaidi, yeye akitoka unyagoni anarudi jikoni na majukumu zaidi. Ile saa moja ya jioni baada ya alasiri, ambayo ilikuwa yake, inagawanywa: nusu kwa maji, nusu kwa mdogo mgongoni. Utafiti unaopima dakika hautaona chochote hapo, maana dakika za jasho zimeongezeka. Mahali ambapo mtoto amepoteza kila kitu, mstari kwenye grafu unapanda.

Najua jibu linalokuja: mila na dini. Tulitazame. Mila zetu hazijawahi kuukataa mwili wa mwanamke mkubwa usitikisike. Mama anayeambiwa si adabu kukimbia ufukweni ndiye anayecheza ngoma harusini tangu isha hadi alfajiri, na wanaompigia vigelegele ni mashangazi walewale. Mila imempa mwili huo ruhusa kwa shughuli; haikumpa kwa Jumanne ya kawaida. Ama dini, Waislamu wa pwani hii tunafundishwa, kama ilivyopokewa na Abu Daud, kwamba Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na mkewe Bi Aisha. Mara ya kwanza Bi Aisha alishinda. Baadaye, alipokuwa ameongezeka mwili, akashindwa. Hiyo ni burudani ya familia yenye kushughulisha mwili, na haikungoja wasomi wa mwaka 2001. Stara ni suala la nguo, mahali na nani anatazama. Si hukumu ya kukaa kwenye mkeka.

Na hapa kwetu suala hili si la furaha peke yake, kwa sababu tumezungukwa na maji. Watu wa Kilwa Kisiwani huvuka kwa boti kwenda Masoko sokoni na hospitali. Watu wa Kitunda huvuka ghuba kwenda Lindi mjini. Maji ya bamvua yakipwa, wanawake na wasichana wanashuka miambani kuchokoa pweza, mbali na ufuko, na maji yakianza kujaa hayamsubiri mtu. Tazama sasa nani anajua kuogelea. Wavulana hujifunza wenyewe, kwa kujirusha kutoka kwenye mashua zilizotia nanga, kwa kusukumana, kwa kunywa maji ya chumvi na kucheka. Hawafundishwi na mtu. Wanafundishwa na muda wa bure. Msichana aliyenyimwa muda huo amenyimwa pia kuogelea, na anaendelea kupanda boti ileile na kushuka mwamba uleule.

Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti yake ya kwanza ya dunia kuhusu watu kufa maji mwaka 2014, na kati ya mapendekezo yake ni kuwafundisha watoto wa umri wa shule kuogelea na kujiokoa. Mwaka 2021 Umoja wa Mataifa ukapitisha azimio juu ya jambo hilo. Sisi tuna makaburi yetu ya kutukumbusha: MV Spice Islander mwaka 2011 kwenye mkondo wa Pemba, MV Skagit mwaka 2012, MV Nyerere mwaka 2018, iliyopinduka karibu kabisa na gati la Ukara na kuua zaidi ya watu 200. Sitasema kila aliyekufa angeokoka kwa kujua kuogelea. Vyombo vilijaa kupita kiasi na hilo lina wahusika wake. Ninachosema ni kwamba katika nchi ya maziwa na bahari, kujua kuelea si anasa.

Inachoma zaidi Kilwa. Kwenye jabali la Husuni Kubwa, Kilwa Kisiwani, kuna bwawa la mawe lenye pembe nane, lililojengwa katika jumba la Sultani al-Hassan bin Sulaiman, yule ambaye Ibn Battuta alimkuta akitawala alipofika mwaka 1331. Miaka ya 1960 Neville Chittick alilifukua jumba hilo. Mwaka 1981 UNESCO iliutia mji ule, pamoja na Songo Mnara, katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka 2004 ikauweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na mwaka 2014, baada ya kazi kubwa ya ukarabati, ikautoa. Nashukuru kwa kazi hiyo. Lakini mwanafunzi wa kike anayepelekwa pale na shule yake anavuka bahari kwa boti, anaonyeshwa mahali ambapo mfalme alijiburudisha majini karibu miaka 700 iliyopita, anaandika kwenye daftari, kisha anavuka tena bahari kurudi nyumbani. Katika safari yote hiyo hakuna mtu mzima anayemuuliza kama anajua kuogelea.

Usiniambie haiwezekani. Nungwi, kaskazini ya Unguja, mradi wa Panje umekuwa ukiwafundisha wasichana kuogelea tangu mwaka 2011, ndani ya jamii ya Waislamu, kwa mavazi ya kuogelea yanayofunika mwili mzima. Picha za wasichana hao, zilizopigwa na Anna Boyiazis, zilipata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018. Dunia ilizipenda kwa sababu ya rangi na maji. Mimi nilizipenda kwa sababu nyuso za wale wasichana zilikuwa za watu wasiotumwa na mtu.

Kuna hoja moja dhidi yangu ninayoiheshimu. Wasichana hucheza hata wakiwa kazini. Wanashindana nani atafika kisimani kwanza, wanaimba kinuni, wanarushiana maji wakitanda uduvi. Ni kweli, na ni moja ya vitu vizuri zaidi katika utoto wa pwani. Lakini mchezo wa kuibia ndani ya kazi una mwenye mali. Sauti moja ikiita kutoka uani, umekwisha. Kaka yake haiti mtu. Siwezi kukubali kwamba nusu ya watoto wetu wawe na mchezo na nusu nyingine wawe na uwezo wa kujifurahisha wakiwa kazini, halafu tuite hiyo usawa.

Basi ninadai mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili kutoka Ulaya.

Watafiti waongeze maswali mawili. Baada ya kuuliza siku ngapi, waulize: nani aliamua ufanye hivyo? Na: ungeweza kuacha? Majibu ya maswali hayo yakitenganishwa kwa wasichana na wavulana, tutaona mara moja mchezo uko wapi na kibarua kiko wapi. Wamuulize na mama, si kuhusu mtoto wake tu, bali kuhusu yeye mwenyewe: mara ya mwisho kucheza ilikuwa lini?

Shule za pwani zifundishe kuogelea, wasichana na wavulana, kwa zamu tofauti kama wazazi wanataka hivyo. Hatuhitaji bwawa la vigae. Tunahitaji walimu wa kike waliofundishwa, kamba ndefu, madumu matupu ya kushikilia, nguo ambazo mama wenyewe wamezikubali, na mvuvi mzee anayejua saa ya maji kujaa na kupwa. Kwenye ratiba ya mashindano ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, tunapeleka watoto wachache wenye vipaji. Kuogelea kunamhusu hata asiye na kipaji.

Halmashauri zielewe kwamba bomba la maji ni sera ya michezo. Kila maji yanaposogea karibu na nyumba, msichana fulani amerudishiwa saa yake, ikiwa tu hatutamtafutia kazi nyingine ya kuijaza. Na ufukwe ubaki wa watu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Mita hizo ndizo uwanja mkubwa zaidi wa michezo tulionao kutoka Somanga hadi Lindi, na uzio mmoja wa hoteli unaweza kuwafukuza watoto wa mtaa mzima.

La mwisho linatuhusu sisi wenyewe, vijana tuliosoma, tunaoanza kuwa baba na mama. Tunajua kulalamikia simu za watoto. Tunajua kupakua programu ya kuhesabu hatua zetu wenyewe. Jioni ya leo, kabla ya kumwita binti aje achukue ndoo, mwite kaka yake. Ndoo haina jinsia. Kisha mwache binti aende anakotaka, na akikuuliza aende kufanya nini, usimjibu.